Shokapu za Mbele za Pikipiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utendaji na Uboreshaji Wake

Shokapu za mbele zina kazi gani hasa?

Kazi yake ya kwanza ni kulifanya tairi la mbele lisiachane na barabara. Starehe ya mwendeshaji hufuata baada ya hapo. Tairi lililoruka, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, halifungi breki, halikati kona wala halimpi mwendeshaji habari yoyote kupitia mikono yake. Ikumbukwe pia kwamba unapofunga breki uzito wa pikipiki na wa mwendeshaji huhamia mbele, hivyo tairi hilo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo. Shokapu iliyochoka huongeza umbali wa kusimama, na ndiyo maana inastahili uangalizi uleule tunaoipa breki yenyewe.

Ndani ya shokapu kuna nini?

Kila upande una mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine, na kati yake kuna bushi zinazoyafanya yateleze bila kucheza. Ndani ya mabomba hayo mna springi ndefu, oili, na kifaa cha kuizuia oili hiyo isipite kwa kasi. Mahali mabomba yanapokutana pamefungwa sili mbili: sili ya vumbi kwa nje, na sili ya oili chini yake. Mabomba ya pande zote mbili hushikwa na mabamba mawili ya stelingi, la juu na la chini, na huunganishwa tena na ekseli ya gurudumu. Muundo huu una umri mrefu: BMW iliutoa mwaka 1935 katika pikipiki zake za R12 na R17, ambazo ndizo za kwanza kuuzwa zikiwa na shokapu za mabomba zinazotuliwa kwa oili. Mifumo mingine imejaribiwa tangu hapo, ikiwemo Telelever ya BMW hiyohiyo iliyoingia sokoni mwaka 1993, lakini pikipiki nyingi duniani bado hutembea juu ya mabomba mawili.

Springi na oili zinagawana kazi vipi?

Huu ndio msingi wa kila kitu, na asiyeuelewa atanunua vipuri visivyomsaidia. Springi hujali umbali: kadiri inavyobonyezwa ndivyo inavyosukuma zaidi, iwe imebonyezwa polepole au kwa ghafla. Oili hujali kasi: shokapu ikiwa imetulia oili haifanyi ukinzani wowote, lakini ikibonyea au kurudi kwa kasi, oili hulazimika kupenya katika matundu madogo na kuuzuia mwendo huo, na nishati ya pigo hugeuka kuwa joto. Springi peke yake ingepokea pigo kisha iirudishe pikipiki juu na kuendelea kudunda. Oili peke yake isingeweza kuubeba uzito hata kwa dakika moja.

Kutokana na mgawanyo huo, ukiona pikipiki imekaa chini mno hata ikiwa imesimama, chunguza springi. Ukiona inakaa vizuri lakini inadunda, au inakuwa ngumu kama gogo inapopita kwenye mashimo madogo kwa kasi, chunguza oili na njia zake.

Kuna tofauti gani kati ya shokapu za fimbo yenye matundu na shokapu za katriji?

Shokapu za fimbo ndizo rahisi na ndizo zilizoenea katika pikipiki ndogo na za kati. Ndani yake kuna fimbo tupu yenye matundu ya kipimo kisichobadilika, na oili hupita humo kila shokapu inapobonyea. Udhaifu wake unatokana na kanuni ya umajimaji: ukinzani wa tundu huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Kwa hiyo mtengenezaji hukwama. Akitoboa matundu makubwa ili pigo kali lipite, pikipiki huinamisha pua kupita kiasi unapofunga breki, kwa sababu mwendo huo ni wa polepole na oili inapita bila kuzuiwa. Akitoboa madogo ili kuzuia kuinama, ukingo mkali wa shimo humfikia mwendeshaji moja kwa moja kwenye viganja.

Katriji hutatua mgogoro huo kwa kutumia pistoni yenye njia pana zilizofunikwa na visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Shinikizo likiwa dogo visahani hufunguka kidogo. Likiwa kubwa hupinda zaidi na kuifungulia oili njia. Ukinzani unapanda kwa mwendo wa taratibu badala ya kuruka, na fundi anaweza kuubadilisha kwa kubadilisha unene au idadi ya visahani.

Je, shokapu zilizopinduliwa ni bora kuliko za kawaida?

Shokapu zilizopinduliwa, yaani zile ambazo bomba nene liko juu na jembamba liko chini, ni ngumu zaidi kupinda, kwa sababu bomba nene ndilo linaloshikwa na mabamba ya stelingi, mahali ambapo nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko kwingine. Kwa anayefunga breki kali au kuruka vilima, hilo ni jambo la maana. Lakini umbo la nje halisemi lolote kuhusu ubora wa valvu zilizomo ndani, na zipo shokapu zilizopinduliwa zenye utaratibu duni kabisa wa oili. Zina hasara yake pia: sili ikianza kuvuja, oili hushuka moja kwa moja kuelekea kwenye diski ya breki. Mtu asizinunue kwa ajili ya sura.

Nitajuaje kama tatizo ni la shokapu na si la kitu kingine?

Anza na upepo wa matairi, kwa kuwa tairi gumu mno huweza kuiga dalili za shokapu mbovu. Kisha inua gurudumu la mbele, shika mabomba kwa chini, uyasukume na kuyavuta kuelekea mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo, weka kidole kwenye maungio ya stelingi: ikiwa unausikia hapo, beringi za stelingi zimelegea, ikiwa unausikia mahali mabomba yanapokutana, bushi zimeisha. Usukani unaogota katikati, kana kwamba kuna kijishimo unapoelekea mbele, pia ni dalili ya beringi.

Baada ya kuviondoa hivyo katika orodha ya washukiwa, shusha gurudumu, shika breki ya mbele na usukume usukani chini kwa nguvu, kisha uachie. Shokapu isiyo na kasoro hupanda na kutulia bila kudunda. Ikiruka juu kisha ikashuka na kupanda tena, ukinzani wa kurudi umepotea. Ikipanda kwa kusitasita, ama oili ni nzito mno, ama kuna kitu kinachogandamana, kama bushi iliyokauka au ekseli iliyofungwa ikiwa imeyabana mabomba.

Kiwango cha kuzama ni nini, na hupimwaje?

Ni umbali ambao shokapu hubonyea kwa sababu ya uzito tu, kabla ya barabara kufanya lolote. Umbali huo ni wa lazima: tairi linapaswa kuwa na nafasi ya kushuka ndani ya shimo kama lilivyo na nafasi ya kupanda juu ya tuta. Kwa pikipiki ya barabarani, kiwango kinachofaa mwendeshaji akiwa ameketi ni karibu asilimia 30 ya mwendo wote wa shokapu. Shokapu yenye mwendo wa milimita 120 ingezama takriban milimita 36, na wengi huwa salama kati ya 30 na 40.

Upimaji unahitaji watu watatu na futi ya kupimia. Kwanza gurudumu lining'inie bila kugusa chini, kisha upime kutoka kwenye sili ya vumbi hadi chini ya bamba la stelingi. Tuseme umepata milimita 120. Sasa mwendeshaji aketi akiwa na mavazi yake yote ya safari, huku mtu mmoja akiishikilia pikipiki isimame wima. Mpimaji aisukume mbele chini na kuiachia ipande polepole yenyewe, apime, tuseme 82. Kisha ainyanyue kidogo na kuiachia ishuke polepole, apime tena, tuseme 90. Wastani wa hizo mbili ni 86, na 120 ukitoa 86 unapata milimita 34 za kuzama. Ile tofauti ya milimita 8 kati ya 82 na 90 ni msuguano wa ndani, na inafaa kuandikwa. Ikiongezeka sana baada ya muda, sili, bushi au unyoofu wa mabomba vinahitaji kukaguliwa.

Kwa shokapu zilizopinduliwa, pima kutoka kwenye sili hadi kwenye kishikio cha ekseli. Hesabu ni ileile.

Nikikaza mkazo wa awali, springi inakuwa ngumu zaidi?

Hapana. Mkazo wa awali ni kiasi ambacho springi imebanwa kabla ya kubeba uzito wowote. Kukaza kofia ya juu au kuongeza kipande cha bomba juu ya springi hubadilisha mahali pikipiki inapokaa, na hakubadilishi ugumu wa springi. Ukiongeza milimita 10 za mkazo, pikipiki itapanda kwa kiasi kinachokaribia milimita 10, lakini kila milimita ya ziada ya kubonyea itadai nguvu ileile iliyokuwa ikidai. Anayekaza hadi mwisho kwa sababu shokapu yake inagonga chini hupata pikipiki inayokaa juu, isiyo na nafasi ya tairi kushuka kwenye mashimo, na ambayo bado inagonga chini. Ikiwa huwezi kupata kiwango sahihi cha kuzama bila kukaza hadi mwisho, springi hiyo ni laini kwa uzito unaobeba.

Nichague springi ya namna gani?

Ugumu wa springi hutajwa kwa kilo kwa milimita au kwa niutoni kwa milimita, na kilo 1 kwa milimita ni sawa na niutoni 9.81. Springi ya 0.8 hudai nguvu ya kilo 0.8 kwa kila milimita inayobonyea, na kwa kuwa ziko mbili, pikipiki nzima hupata 1.6. Kabla ya kuchagua, jumlisha kila kitu kinachobebwa mara kwa mara: mwendeshaji, abiria, mizigo. Viwanda huweka springi ya kumtosheleza mtu wa wastani, na ambaye siku zote hubeba abiria na shehena hayumo katika hesabu hiyo.

Springi zenye mizunguko iliyopangwa kwa nafasi sawa huwa na ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho, na tabia yake hutabirika. Zile zenye mizunguko iliyosongamana upande mmoja huanza laini na kuongezeka ugumu kadiri zinavyobonyea. Maoni yangu ni kwamba asiyebadilisha mizigo mara kwa mara atafaidika zaidi na ya ugumu mmoja, kwa sababu upande laini wa ile nyingine humezwa mapema mtu anapoketi, na oili haiwezi kulingana na ugumu mbili kwa wakati mmoja.

Wapo mafundi wanaokata springi ili iwe ngumu. Kanuni yao ni ya kweli: ukiondoa asilimia 10 ya mizunguko inayofanya kazi, ugumu huongezeka kwa asilimia 11 hivi. Tatizo ni kwamba kazi hiyo hairudi nyuma, kipande kilichokatwa lazima kijazwe na bomba la urefu uleule, na ncha isiyosawazishwa hukwangua bomba kwa ndani na kumimina unga wa chuma ndani ya oili. Springi mpya yenye kipimo kinachojulikana ni njia bora zaidi.

Niweke oili gani na kwa kiasi gani?

Tumia oili iliyotengenezwa kwa ajili ya shokapu, kwa mnato (yaani uzito wa oili katika kutiririka) uliotajwa katika kitabu cha pikipiki. Oili ya injini ina viungo vya kusafisha injini na haikutengenezwa kwa ajili ya matundu madogo ya shokapu, na oili ya breki isikaribie kabisa. Herufi na namba kama 10W zilizoandikwa kwenye chupa zisichukuliwe kuwa kipimo kamili, kwa kuwa 10W ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa nzito kama 15W ya mwingine. Kipimo cha kuaminika ni mnato kwa sentistoksi katika nyuzi 40 za Selsiasi, ambao watengenezaji wengi huuchapisha. Oili nzito huongeza ukinzani wa kubonyea na wa kurudi kwa pamoja, hivyo ni chombo butu cha kurekebishia, ingawa kwa shokapu za fimbo mara nyingi ndicho pekee kilichopo.

Kiasi cha oili kina umuhimu ambao wengi hawaujui. Hewa iliyobaki juu ya oili hubanwa kila shokapu inapobonyea, na hivyo hufanya kazi kama springi ya pili inayoamka karibu na mwisho wa mwendo. Ukipandisha oili, nafasi ya hewa hupungua na shokapu huwa ngumu zaidi mwishoni, huku mwanzo wa mwendo ukibaki karibu vilevile. Ndiyo dawa ya bei ndogo kwa shokapu inayogonga chini mara mojamoja tu. Fanya mabadiliko ya milimita 5 kwa wakati, na usivuke kikomo cha kitabu, kwa kuwa oili ikizidi hewa hukosa pa kubanwa na sili hung'oka.

Upimaji wa usawa wa oili hufanyika springi ikiwa imetolewa na bomba limebonyezwa hadi mwisho: pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi uso wa oili. Kupima kwa mililita pekee hupotosha, kwa sababu kuna oili ya zamani inayobaki imegandama ndani. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 33, milimita 10 za kimo ni mililita 8.5 tu, hivyo mabaki hayo madogo yanatosha kuleta tofauti kati ya upande mmoja na mwingine.

Oili ibadilishwe lini?

Fuata kitabu, kikiwa hakipo, kila baada ya miaka miwili au kilomita 20,000 ni kiasi cha kufaa kwa matumizi ya barabarani, na mapema zaidi kwenye vumbi na matope. Itazame inapomiminika kwenye chombo cheupe. Oili mpya huwa angavu, mara nyingi nyekundu au ya rangi ya asali. Iliyochoka hutoka ya kijivu, nzito kwa harufu, na ukiigeuzageuza chombo juani utaona vimulimuli vya alumini na shaba vikizunguka ndani yake, ambavyo ni vipande vya bushi na mabomba. Ikiwa imekuwa nyeupe kama tui, maji yameingia kupitia sili.

Sili inavuja. Je, ni lazima ibadilishwe?

Si kila mara. Mara nyingi chembe ya mchanga imekwama chini ya mdomo wa sili. Shusha sili ya vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya sili ya oili na bomba, zungusha pande zote kisha uvute nje, ukifuta kila mara. Uvujaji ukirudi, badilisha sili za pande zote mbili pamoja na za vumbi.

Kabla ya kuweka mpya, pitisha ukucha juu ya bomba katika eneo lote linalosuguana na sili. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, sili mpya itachanika baada ya muda mfupi. Alama ndogo husawazishwa kwa msasa laini sana. Zilizo na kina hudai bomba kupakwa kromu upya au kubadilishwa. Wakati wa kuivisha sili, funika ncha ya bomba kwa mfuko mwembamba wa plastiki uliopakwa oili, ili ukingo usiukate ule mdomo ambao ndio unaofanya kazi yote. Upande wenye maandishi hutazama juu. Uipigilie kwa bomba linaloenea mduara wake wote, wala si kwa bisibisi.

Skrubu za kurekebisha zilizo juu na chini ya shokapu zitumiweje?

Kwanza zifunge taratibu hadi mwisho ukihesabu mibofyo, uandike namba, kisha uzirudishe zilipokuwa. Rekebisha jambo moja tu kwa wakati, kwa mibofyo miwili, na upite katika barabara ileile. Ukinzani wa kurudi ukiwa mdogo mno pikipiki hudunda. Ukiwa mkubwa mno shokapu haiwahi kupanda kabla ya tuta linalofuata, hivyo hushuka hatua kwa hatua hadi ikawa fupi na ngumu. Dalili hii ya pili huwadanganya wengi, nao huongeza ukinzani wakati walipaswa kuupunguza.

Uboreshaji ufuate mpangilio gani?

Anza na huduma kamili: oili mpya, sili, bushi zilizoisha, na ekseli iliyonyooshwa. Fuata na springi zinazolingana na uzito. Pikipiki nyingi zinazodaiwa kuwa na shokapu mbovu huishia hapa zikiwa zimepona, na sioni sababu ya mtu kuhamia hatua ya tatu kabla ya kuzikamilisha hizi mbili.

Hatua ya tatu kwa shokapu za fimbo ni emuleta, yaani valvu ndogo inayokaa juu ya fimbo na kushikiliwa na springi kuu. Matundu ya fimbo hutobolewa makubwa ili yasizuie tena, na valvu hiyo huchukua kazi ya kudhibiti kubonyea kwa namna inayofanana na katriji. Kurudi hubaki chini ya mamlaka ya mnato wa oili. Baada ya hapo kuna katriji kamili za kuingizwa ndani ya mabomba yaleyale.

Kuhamisha shokapu nzima kutoka pikipiki nyingine huvutia macho lakini huleta mlolongo wa mambo: kipimo cha stelingi na beringi zake, ekseli, ringi, vishikio vya breki, na zaidi ya yote urefu. Shokapu fupi au ndefu kwa sentimita chache hubadilisha pembe ya stelingi na utulivu wa chombo kwa kiwango ambacho springi haziwezi kukifidia.

Naweza kuyapandisha mabomba ndani ya mabamba ya stelingi?

Unaweza, kwa milimita chache. Katika pikipiki yenye umbali wa milimita 1,400 kati ya ekseli, kuyapandisha mabomba kwa milimita 5, jambo ambalo hushusha mbele kwa kiasi hicho, huifanya pembe ya stelingi isimame wima zaidi kwa karibu digrii 0.2, na usukani huwa mwepesi kugeuka. Ukizidisha, hupoteza utulivu kwenye mwendo kasi. Hakikisha kwanza kwamba shokapu ikibonyea hadi mwisho, tairi au madigadi havigusi bamba la chini.

Kuna hatari gani wakati wa kufungua na kufunga?

Kofia ya juu inasukumwa na springi, hivyo ilegeze bomba likiwa bado limeshikwa na bamba la chini huku bolti ya bamba la juu ikiwa imelegezwa, na iondoe kwa kuikandamiza, uso ukiwa pembeni. Bolti ya chini inayoishika fimbo ilegeze kabla ya kutoa springi, kwa kuwa mgandamizo wake ndio unaoizuia fimbo isizunguke pamoja na bolti. Wakati wa kufunga, weka washa mpya ya shaba hapo. Kaza ekseli kwanza, shusha pikipiki, bonyeza usukani mara kadhaa ili mabomba yajipange yenyewe, na ndipo ukaze bolti inayoibana ekseli, kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu.